Mnyauko wa nyanya: jibu lilikuwa kwenye glasi ya maji

Misimu miwili mfululizo nyanya zangu hapa Mgeta zilinyauka zikiwa bado kijani. Mchana zimelala, jioni zinajaribu kuinuka, siku ya tatu basi. Nikapiga dawa ya ukungu mpaka hela ikaisha. Muuza pembejeo akasema niongeze kipimo, nikaongeza.

Aliyenifungua macho ni binti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliyekuwa kijijini kwa mafunzo ya vitendo. Alikata shina karibu na udongo, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. "Mama, huu si ukungu, ni bakteria. Wanakaa udongoni."

Niling'oa miche yote iliyougua, nikaichoma. Shamba lile nikapanda mahindi misimu mitatu. Bilinganya, pilipili na viazi mviringo marufuku, maana ni ukoo mmoja na nyanya. Jembe nalisafisha kwa jiki. Mfereji nao nimeuchepusha, maji yasipitie kwanza kwenye ugonjwa. Naamini hapo ndipo nilipokuwa naumia zaidi.

Msimu huu imenyauka miche minne tu. Niliing'oa siku ileile.