Kutoka Wilson hadi Naivasha kwa ndege ya maboya

Tuliondoka uwanja wa ndege wa Wilson asubuhi moja ya Februari, mwezi ambao mawingu ya chini hayasumbui sana Nairobi, tukielekea Ziwa Naivasha kwa Cessna 185 iliyoundwa miaka ya sitini. Ndege hiyo imefungwa maboya mawili marefu ya alumini, na ndani ya maboya mna magurudumu madogo yanayoshuka na kupanda. Bila magurudumu hayo haingekuwa na kazi Nairobi, maana mji wetu hauna maji ya kutosha kuirushia.

Mwenye ndege ndiye aliyenifundisha kuruka. Ni fundi wa injini aliyestaafu, nami namwita Mzee tu. Yeye huniita kijana wangu, ingawa nina binti anayesoma sekondari.

Kazi ya kwanza ni kukausha maboya. Kila boya limegawanywa vyumba visivyopitisha maji, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea, na kila chumba kina tundu lenye kizibo cha mpira. Unang'oa kizibo, unaingiza pampu ya mkono, unavuta. Chumba kikavu hutoa hewa peke yake. Kimoja upande wa kushoto kilitema maji, na Mzee akasimama karibu yangu akihesabu mivuto kimoyomoyo. Maji kidogo ni jambo la kawaida. Yakiwa mengi, kuna ripiti imelegea mahali na safari imekwisha kabla ya kuanza. Pampu ikaanza kuvuta hewa.

"Hayo ni ya juzi," akasema. "Funga, twende."

Uwanja wenyewe umebeba jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni yake ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929, zama za ndege ndogo za Gipsy Moth za mbao na turubai. Kila ninapopanga foleni nyuma ya ndege za watalii wa Mara humkumbuka mama huyo. Alithubutu wakati injini ikikuzimikia njiani hakukuwa na redio ya kuomba msaada.

Mnara ukaturuhusu, tukapanda polepole. Maboya ni mazito na hukinzana na upepo, kwa hiyo ndege hii haina haraka. Dagoretti ikapita, kisha Kikuyu, chai ya Limuru ikabaki kulia kwetu, na hapo ardhi ikakatika ghafla: Bonde la Ufa. Mzee alikuwa ameweka akiba ya futi za kutosha kabla ya ukingo. Upepo wa mashariki ukishavuka pale huporomoka bondeni, na ndege ndogo huporomoka nao. Tulitikiswa kidogo juu ya Kijabe, kisha kukatulia. Chini yetu malori ya Mai Mahiu yalikuwa yakijikokota, na kushoto Longonot ilifungua kreta yake yote, mita 2,776 kutoka usawa wa bahari.

Ziwa halina mistari iliyochorwa. Rubani hulisoma mwenyewe kutoka juu, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tulizunguka tukitazama. Miaka ya karibuni maji ya Naivasha yamepanda sana, na migunga ya ufukweni imekufa ikiwa imesimama majini; mingine imezama, ncha tu ndizo zinaonekana. Kuna maboya ya nyavu za wavuvi. Kuna visiwa vya gugumaji vinavyohama na upepo, kwa hiyo njia iliyokuwa wazi jana huenda leo imezibwa. Na kuna viboko. Mzee alininyooshea kidole mahali maji yalipokuwa yamechafuka rangi karibu na mafunjo, nami nikasogeza mstari wangu mbali kuelekea katikati.

Kisha tukasema kwa sauti, mmoja baada ya mwingine: "Tunatua majini. Magurudumu yako juu." Kila mmoja akachungulia upande wake kuhakikisha. Gurudumu lililosahauliwa chini hukamata maji, na ndege hupinduka kichwa chini kabla hujapata nafasi ya kufanya lolote. Kwa hiyo husemwa kwa sauti, kila mara, hata na mtu aliyezeeka katika kazi hii.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa shwari kabisa. Wageni hudhani hali hiyo ndiyo rahisi, kumbe ndiyo ngumu: macho hayaoni maji yako wapi. Dawa yake ni kushuka taratibu mno huku injini ikivuta kidogo, pua ikiwa juu kiasi, ukipima urefu kwa miti ya ufukweni, na kungoja. Ukijaribu kukisia utakosea. Nilingoja. Mlio ukaanza chini ya miguu, mkwaruzo mwembamba, halafu maji yakatukamata tukapunguza mwendo.

Tulizima injini tukaelea. Ziwa hili lilipokea ndege kubwa kabla yetu. Ndege za Solent za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la zama hizo, zenye injini 4 na tumbo la meli, zilitua hapa zikitoka Southampton, na abiria wakamalizia safari kwa basi hadi Nairobi. Zama zile njia ndefu za lami zilikuwa chache duniani, lakini maji yalikuwepo. Vita Kuu ya Pili ikaacha viwanja kila mahali, ndege za magurudumu zikashinda, na kufikia mwisho wa 1950 Solent zikaondolewa kazini. Ningependa watoto wanaopanda boti hapa kutazama viboko waambiwe kwamba walipo palikuwa lango la nchi.

Kuondoka kulihitaji subira. Naivasha iko karibu mita 1,885 juu ya bahari, na kwa urefu huo injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takribani moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo maana tulikuwa wawili tu, na mafuta kidogo. Maji laini nayo hung'ang'ania maboya. Chini ya kila boya kuna mkato kama kidato cha ngazi, unaoingiza hewa ili maji yaachie, lakini viwimbi husaidia zaidi. Tukangoja upepo. Ulipofika, kama saa nne na nusu, Mzee alitia moto, tukapanda juu ya maji, akainua boya la kulia kwanza, kisha la kushoto likafuata.

Njiani kurudi tulizungumza Kisumu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 tu, injini itapumua vizuri, na Mzee anasema pale tunaweza kubeba mtu wa tatu. Nimemwomba kiti hicho kiwe cha binti yangu, shule zikifungwa Aprili.