Siku moja maishani mwangu: kumleta Nora wa Ibsen kwenye Oslo ya leo

Mwongozaji anashika waigizaji, mimi nashika maandishi. Tunachoandaa sasa ni Et dukkehjem ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norway, ambayo wengi waliosoma sekondari Kenya miaka ya karibuni walitahiniwa kwa jina la A Doll's House. Ni tamthilia ya 1879 yenye sehemu tatu, kuhusu Nora, mke anayemficha mumewe mkopo. Tunaihamishia Oslo ya leo, ndani ya dakika 110, bila mapumziko.

Saa moja na nusu asubuhi

Kabla simu hazijaanza kulia, nafungua maandishi ya asili. Chuo Kikuu cha Oslo kimeweka kazi za Ibsen mtandaoni bure, na kwa kuwa alifariki 1906, hakimiliki yake ilikwisha zamani. Ila tafsiri ya karibuni ina hakimiliki ya mtafsiri wake. Ukitohoa kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza ya juzijuzi bila kibali, onyesho linaweza kuzuiwa wiki ileile ya ufunguzi.

Kila ukurasa nauweka kwenye jedwali la safu tatu: tukio, kitu kinachoshikilia tukio hilo, iwe sheria, ufunguo, pesa au saa, na nani anajua nini wakati huo. Safu ya katikati ndiyo kazi yenyewe. Ukitoa kitu cha zamani, kipya lazima kimfungie Nora njia zilezile. Nguo na samani zinaweza kusubiri hata wiki ya mwisho.

Saa tatu: mkopo

Nora alikopa spesidaler 1200 (sarafu ya zamani ya Norway), yaani kroner 4800, ili ampeleke mumewe Torvald Italia akapone. Siku zile mke wa mtu hakuweza kukopa bila idhini ya mume. Sheria ilibadilika 1888. Akaghushi saini ya baba yake kama mdhamini na kuandika tarehe 2 Oktoba, ilhali mzee alikuwa amefariki 29 Septemba.

Leo nguzo zote mbili zinaanguka. Mwanamke wa Norway anakopa kwa jina lake, na gharama kubwa za matibabu hubebwa na serikali. Hapa ndipo utohozi mwingi unapopwaya: Nora anaficha mkopo, na mtazamaji anajiuliza anaficha nini hasa. Sisi tumempa Torvald kampuni yake ndogo, kisha akaanguka kwa uchovu wa kazi. Aliyejiajiri hulipwa posho ya ugonjwa ya asilimia 80, tena kuanzia siku ya 17 na kwa kikomo. Mkopo wa nyumba haumsubiri. Kipato cha Nora hakitoshi, benki inadai mdhamini, na baba yuko mahututi. Saini ya mkopo siku hizi huwekwa kwa BankID, kitambulisho cha kielektroniki. Simu ya mzee na nywila yake anazo Nora.

Zile siku tatu za Ibsen sasa zinabana kuliko mwanzo. BankID huacha kumbukumbu ya muda wa saini, na kifo huandikwa kwenye daftari la serikali la wakazi. Kabla benki haijapata taarifa ya msiba kuna mwanya mfupi ambapo kitambulisho cha marehemu bado kinafanya kazi, na humo ndimo Nora anapopita. Krogstad, anayemtishia Nora na ndiye aliyeshughulikia maombi yale, anahitaji karatasi mbili tu aziweke kando kwa kando. (Tungekuwa Nairobi au Dar, sababu ya mkopo isingetusumbua, bili ya hospitali ingetosha.)

Saa nne hadi saa saba: sanduku la barua

Katika sehemu ya pili barua ya Krogstad, inayomfichulia Torvald siri ya Nora, inaingia sandukuni. Nora anaiona kupitia kioo, lakini ufunguo ni mmoja na anao Torvald. Sehemu inapofungwa Nora anatazama saa na kuhesabu: ni saa kumi na moja jioni, zimebaki saa saba hadi usiku wa manane, kisha nyingine 24 hadi usiku wa manane unaofuata, Torvald atakapoisoma. Saa 31 za kuishi. Wasiwasi wote wa sehemu ya tatu unategemea hesabu hiyo.

Simu inaiua hesabu. Tumejaribu kuiweka mezani: kuanzia safu ya tano mwanga wake hauonekani, na Torvald wa leo hawezi kukaa jioni nzima bila kuigusa. Barua pepe nayo haimpi Nora kitu cha kukodolea macho. Kwa hiyo tumerudi kwenye karatasi, kwa sababu inayotoka ndani ya mchezo wenyewe: Krogstad aliwahi kuharibu jina lake kwa kughushi, hathubutu kuacha alama ya kielektroniki. Anaitumbukiza mwenyewe, kama alivyoandika Ibsen, na masanduku ya kufungwa kwa ufunguo bado yapo chini ya ngazi za majengo ya Oslo.

Sanduku letu ni la plastiki angavu. Kijitaa cha LED kinakaa juu, ndani. Kikiwekwa nyuma, bahasha inageuka kivuli cheusi. Bahasha ni nyeupe, saizi ya A5, na ndani ina kadibodi, maana karatasi tupu huteleza bila mlio. Chini tumetandika bati jembamba. La muhimu kuliko yote: mwigizaji wa Nora asitazame sanduku kabla ya mlio. Hadhira hufuata macho yake, na ikishatangulia kuona, mlio haumshtui mtu.

Saa nane mchana: kukata

Daktari Rank, rafiki wa familia, ni rahisi kumkata, kwa kuwa ugonjwa wake wa kurithi kutoka kwa baba mpenda anasa haukubaliki tena kitabibu. Tumebadilisha ugonjwa, mtu tumembakiza. Nora anakaribia kumwomba pesa, Rank anatangulia kumwambia anampenda, naye Nora anaagiza taa iletwe na ombi analimeza. Bila tukio hilo huoni kwamba mwanamke huyu ana mpaka asiouvuka hata akizama.

Anne-Marie, yaya aliyemwacha mwanawe ili amlee Nora, angeweza kuwa mlezi kutoka Ufilipino, kama wengi waliowahi kulea watoto Norway. Lakini mpango wa vibali vyao ulifungwa 2024, hivyo historia yake lazima ianze kabla ya hapo.

Saa tisa: mwisho

Kumwacha mume hakushtui Norway ya leo. Mmoja anaweza kuomba kutengana peke yake, na talaka ikafuata baada ya mwaka. Kinachokata pumzi ni watoto watatu waliolala chumba cha pili. Mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kucheza mama anayewaacha, na 1880 Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki. Aliuchukia, ila kazi yake haikuwa na ulinzi wa kisheria kule, akaona heri auandike yeye kuliko mtu mwingine. Sisi hatuugusi mwisho wa kwanza. Maneno ambayo Nora na Torvald wanaambiana mezani kabla hajaondoka tunapunguza pale tu wazo linaporudiwa.

Mlio wa mwisho, kwa maelekezo ya Ibsen, unatoka chini: ni lango la jengo, wala si mlango wa sebule. Tunatumia mlango halisi wa mbao nzito ulio chini ya jukwaa, maana rekodi inayotoka kwenye spika za juu hudanganya sikio. Fremu imefungwa kwa bolti sakafuni. Ikishikizwa kwenye kuta za mandhari, kuta zinatikisika na hadhira inaona plaiwudi. Kutoka Nora anapotoka hadi mlio tunahesabu sekunde 25, muda wa kushuka ghorofa mbili. Torvald haruhusiwi kujaza kimya hicho kwa kilio. Ana maneno machache aliyopewa, basi.

Saa kumi na mbili jioni: kurasa mpya

Mabadiliko ya leo yanachapwa kwenye karatasi ya njano, kila ukurasa ukiwa na tarehe chini. Bila hiyo, mmoja anakariri toleo la jana na mwenzake anakosa neno la kuingilia. Jioni hii kazi kubwa ni mazungumzo ya Nora na rafiki yake Kristine kuhusu mkopo: mtazamaji asiyewahi kuona BankID aelewe kosa lenyewe kwa sentensi tatu, na Nora asisikike kama karani wa benki.