Dalili za machipuko, mbali na Lamu
Leo asubuhi, nikielekea kazini hapa London, nilisimama kando ya njia nikiwa nimeishika skafu mkononi, kwa kuwa hii ndiyo mara ya kwanza tangu Novemba sikuona haja ya kuivaa. Sisi tuliozaliwa Lamu, ambako jua huzama baada tu ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hatuujui uzito wa Desemba ya huku mpaka tuishi ndani yake: jua hutua kabla ya saa kumi, na sala ya Magharibi hunikuta bado niko kazini. Sasa mchana unakaribia kulingana na usiku, na chini ya miti isiyo hata na jani moja yamechomoza maua madogo ya zambarau na ya manjano, mengi mno, ardhi ikiwa bado imelowa. Nilimpigia mama simu kumweleza, naye akaniambia kuwa huko kaskazi imelegea na joto limezidi, hata usiku wanalala darini. Nimefurahi kwa dhati. Jioni nitarudi nyumbani kwa miguu, ningali na mwanga.