Machungwa ya Mtangata

Jumapili, saa nne usiku.

Viatu vyangu viko mlangoni, bado vina mchanga wa Tongoni. Jana tulikwenda huko, mimi na wanafunzi 34 wa Kidato cha Pili, kwa basi dogo la kukodi, kilomita karibu 20 kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani. Nimefundisha historia hapa Tanga miaka kumi na mmoja, na hii ni mara yangu ya nne tu kuwapeleka watoto kwenye magofu yale. Mara nne! Naona uchungu kuiandika.

Chuoni nilisoma zama za kati za Ulaya na nikazipenda kwa dhati. Nakumbuka jioni niliyosoma habari za Domesday, ule ukaguzi wa mali ambao mfalme William wa Uingereza aliuagiza mwaka 1085: plau ngapi, vinu vingapi, nguruwe wangapi, kijiji baada ya kijiji. Niliwaonea wivu Waingereza. Nani aliyehesabu mbuzi wa Mtangata, hii ghuba ya Tongoni, au ngalawa zake? Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba pasipo karatasi mwalimu hana la kufanya ila kujaza ubao: Kilwa ilistawi kwa dhahabu iliyopitia Sofala, Ibn Battuta alifika mwaka 1331, Wareno wakaivamia mwaka 1505. Nakilini. Watoto wakanakili, wakafaulu, wakasahau.

Hata hilo jina, zama za kati, limenisumbua siku nyingi. Waliolitunga walikaa Ulaya, wakatazama nyuma hadi Roma na mbele hadi kwao wenyewe, na miaka yote iliyoangukia baina ya hapo wakaiita ya katikati. Watu wa Tongoni walikuwa katikati ya nini? Karne ya 14 na ya 15 zilikuwa mchana wao.

Kilichonigeuza ni machungwa.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilikuwa zinapanda kuelekea Mombasa, na moja kati yake, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu ya bahari mbele ya pwani hii hii. Mtu mmoja aliyekuwemo safarini aliandika daftari la kila siku. Anasema mitumbwi miwili iliwajia, mmoja umejaa machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Milima mirefu waliyoiona bara, Usambara yetu hii, wakaipa jina la meli yao. Januari 1499 wakapita tena, wanatoka India. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, basi wakaichoma moto São Rafael palepale ilipokuwa imekwama mwanzo. Walipokuwa hapo walinunua kuku wengi kwa mashati na vikuku, kutoka kijiji anachokiita Tamugate. Ni Mtangata hiyo. Ndiyo ghuba ya Tongoni.

Jumatano niliwasomea darasani kipande hicho cha machungwa. Nikauliza kwa Kiingereza, kama tunavyotakiwa: hii inatuambia nini juu ya watu wa kijiji kile? Kimya. Wakaangalia madaftari kana kwamba jibu limo humo. Nikaurudia swali kwa Kiswahili, na binti mmoja ambaye kwao ni Muheza, mtoto asiyezungumza kabisa kwenye kipindi changu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao walikuwa wamekaa."

"Wamekaa vipi?"

"Mchungwa haupandwi leo ukaliwa mwakani. Baba anapanda, anapalilia, anangoja miaka. Mtu wa kuhamahama hapandi mchungwa. Halafu ulijaa mtumbwi mzima, kwa hiyo haukuwa mti mmoja."

Nilisimama na chaki mkononi. Nimesoma kipande kile mara ishirini, na kila mara nilikisoma kama Mreno: ladha ya chungwa, furaha ya baharia mwenye kiu. Mtoto wa mkulima ameona shamba. Ameona ardhi yenye wenyewe, na mtu anayengoja miaka kwa sababu ana hakika kwamba kesho atakuwepo. Yule mwenye daftari hakuandika jina la hata mmoja wa walioleta matunda yale, lakini kazi ya mikono yao imepenya ndani ya maandishi yake na imesubiri miaka zaidi ya 500 mtu wa Muheza aitambue.

Ndiyo maana jana tulikwenda. Nilitaka wakapaone mahali penyewe, nione wataona nini kingine.

Mzee anayelinda pale alitupokea kwa upole. "Shikamoo babu" thelathini na nne, na kila moja akaiitikia marahaba yake. Akawauliza kama wanajua maana ya jina Tongoni, akawaambia: tongo ni mahame, mahali watu walipokaa wakaondoka. Wengi wanaishi umbali wa nusu saa tu kutoka hapo na hawakuwa wamelijua neno.

Kuna msikiti usio na paa na makaburi yapatayo 40, mengi ya nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka. Upepo wa bahari hausimami. Sikusema kitu kwa dakika ishirini. Niliwaambia watembee, wasiguse, na kila mmoja arudi na jambo moja aliloliona kwa macho yake.

Kijana mmoja ambaye mjomba wake ni fundi muashi aliinama ukutani muda mrefu. Akarudi akaniambia mawe ni matumbawe, na kwamba chokaa ile ilichomwa, kwa sababu babu yake alikuwa akiichoma: unapanga kuni, unarundika matumbawe juu, unawasha, unangoja mpaka yawe meupe na mepesi. Kisha akasema kuta za pembeni zimekaribiana kwa sababu ya boriti. Sikuwa nimewafundisha jambo hilo. Ni kweli kabisa, nyumba za mawe za pwani hii zina vyumba virefu na vyembamba kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa mita tatu hivi bila kupinda. Mkoko ndio uliopima chumba. Nilisoma hilo vitabuni nikiwa na miaka ishirini na tatu. Yeye alilijua kwa kumsaidia mjomba kubeba.

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, lazima niseme. Watoto hawa wamebeba nusu ya ushahidi vichwani, katika maneno kama boriti, chokaa, tongo, na sisi tunawauliza kwa lugha inayowafunga midomo, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba hawana msingi.

Kwenye nguzo na kuta za makaburi kuna mashimo ya duara. Humo yalipachikwa mabakuli yaliyotoka ng'ambo, kama ilivyokuwa desturi kwenye makaburi ya nguzo pwani nzima, na mabakuli yenyewe yaling'olewa zamani. Hapo ndipo waliponyamaza wote. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama aliyeyang'oa hakuogopa.

Nina madaftari yao mbele yangu sasa. Mengi yana michoro ya nguzo. Moja lina mstari mmoja tu, wa mvulana wa benchi la nyuma ambaye alisogeza ngumi karibu na shimo bila kuligusa, nilimwona. Ameandika: "Bakuli la marehemu, ngumi moja na vidole viwili."

Sijampa alama. Nimemwandikia chini kwa wino mwekundu: tukirudi uje na rula, upime mashimo yote, halafu uniambie kama yalikuwa mabakuli ya aina moja.