Kijiti cha Mama

"Kwa hiyo mnanipeleka dago," mama alisema, hata sijamaliza kumwonyesha picha ya kwanza.

Dago, kwa asiyejua, ni kambi ya wavuvi. Watu wa Kojani, kule Pemba alikozaliwa mama, huondoka na vyombo vyao kwenda kwenye visiwa na fukwe zisizokaliwa na mtu, wakapiga vibanda, wakavua na kukausha samaki mpaka waridhike, ndipo warudi kwao. Babu alikwenda dago maisha yake yote. Kwa hiyo nilipomwambia kuna kisiwa kidogo Maldivi, kiko mbali, kimya, hakina gari, hakina duka wala jirani, mama alisikia jambo analolijua tangu utotoni. Tofauti aliiona moja tu: "Babu yenu alikuwa akirudi na pesa."

Ilikuwa Januari 2019. Mie nilikuwa Dubai, natunza hesabu za kampuni ya mizigo mtaa wa Deira. Dada yangu yuko Maskati na mume na watoto. Tangu baba alipofariki tulikuwa tumeahidiana kumpeleka mama mahali ambapo hatapika, hatafua, wala hataamka usiku kumfungulia mtu mlango. Mwaka ule tukachanga. Nikadhani kazi ngumu imekwisha, kumbe kuchagua ndiko kulikotutoa jasho.

Maldivi ina visiwa kama 1,190 vilivyojipanga kwenye mizunguko ya miamba, na hata hilo neno atoli dunia imelichukua kwao, kwenye lugha ya Kidivehi. Hoteli za kitalii, nyingi zake, kila moja ina kisiwa chake. Maana yake ukikosea kuchagua huna pa kukimbilia. Hakuna kusema jioni tutoke tukale kwingine. Nikafungua kurasa ishirini kwa pamoja, na picha zote zikawa moja: maji ya feruzi, mnazi ulioinama, beseni la kuogea lililojazwa maua. Bei nazo zina ujanja wake. Ile inayoandikwa kwa herufi kubwa, wakati ule, mara nyingi haikuwa na asilimia 10 ya huduma, wala asilimia 12 ya kodi, wala dola 6 za kodi ya mazingira kwa kila kichwa kila usiku. Mhasibu mzima nilibaki kidogo ninase.

Dada alitaka nyumba ya juu ya maji, ile yenye kioo sakafuni unaona samaki wakipita. Mama aliitazama picha kwa muda mrefu, akaivuta kwa vidole aione karibu.

"Hii nyumba ina miguu. Kusi likivuma, hulala mtu humu?"

Nikamwambia tutakwenda wakati wa kaskazi, bahari imetulia.

"Mie nimelala sana chomboni udogoni. Nikilipiwa, nataka nilale nchi kavu."

Nyumba ya majini ikafutwa, na sehemu kubwa ya gharama ikafutika nayo. Dada alinuna siku mbili.

Chaguo langu mimi lilikuwa atoli ya Baa, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2011 kwenye hifadhi zake za bayongahewa. Pana ghuba inaitwa Hanifaru, samaki wakubwa waitwao taa hukusanyika humo kwa makumi. Nikajisomea mpaka nikagundua mambo mawili: taa hao hujaa wakati wa kusi, sio Januari, na kufika kule wengi hupanda ndege ya majini, ambayo hairuki usiku. Ukitua Malé, mji mkuu, jua limeshazama unalala hapo hapo hadi kesho. Hili la pili nilikuwa tayari kulivumilia. Mama alipoonyeshwa video ya ile ndege ikitua baharini alisema neno moja tu: "Khaa!" Kisha akauliza kama wenye chombo hicho wameamua ni ndege au ni boti, wakiamua wamwambie.

Hapo ndipo nikamwomba aseme yeye anataka nini. Akanitajia, nikaandika nyuma ya bahasha ya benki. Maji ya kunywa yanatoka wapi, na mashine yake ikiharibika? Chombo kinaegesha upande gani upepo ukigeuka? Kutoka pwani hadi mwambani ni mbali gani? Pana pa kusali? Hakuuliza kitanda kikoje. Nikayatuma maswali yale yale kwa hoteli tatu. Mbili zikanijibu kwa orodha ya huduma za kukandwa mwili. Ya tatu ilikuwa mbali kusini, atoli ya Huvadhoo, jirani na mstari wa ikweta, na mtu wa mapokezi alikaa akajibu moja moja: maji yanachujwa chumvi hapo hapo kisiwani na wana mashine ya akiba, gati liko magharibi ila Januari boti hazisumbuki, mwamba uko hatua thelathini upande wa mashariki, na wafanyakazi wana msikiti wao mdogo, mama akaribie wakati wowote. Barua haikuwa na picha hata moja. Nikamsomea mama. Akasema, "Huyo kakaa kisiwani." Tukalipa siku ile ile.

Kutoka Malé tulipanda ndege ya kawaida, kama saa moja, tukashuka Kooddoo. Kisiwa hicho uwanja wa ndege unakaa pamoja na kiwanda cha jodari, na mlango ulipofunguliwa harufu ikaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Mzungu mmoja akajiziba pua. Mama akavuta pumzi. "Hapa pana watu," akasema.

Hoteli yenyewe ilikuwa nzuri, sitaomba radhi kwa hilo. Shuka laini, mchanga mweupe kama unga wa mhogo, wahudumu hawakuchoshi. Asubuhi kwenye bafe palikuwa na vyakula vya mataifa kumi, mama akaviruka vyote kwenda kwenye mas huni: jodari aliyechambuliwa, akachanganywa na nazi ya kukuna, kitunguu, pilipili na ndimu, unakula na chapati nyembamba. Siku tano alikula hicho hicho.

Siku ya pili nilimkuta nje saa moja asubuhi, kajifunga kanga, kavaa viatu vyake vya plastiki, kakaa mchangani upande wa mashariki. Alikuwa ameshapiga hesabu: mwezi umetimia, ni bamvua, siku za maji kupwa na kujaa kupita kawaida. Kwao siku kama hii ikifika saa nne bahari hukimbia kabisa, na wanawake huingia mwambani na vijiti kuchokoa pweza. Aliokota kijiti cha mnazi akakichomeka pale maji yanapofikia. Akangoja. Nikaja na chai, tukangoja wote.

Saa nne maji yalikuwa yameshuka hatua chache, basi. Kijana wa hoteli akapita na taulo za baridi, akatuuliza tunatazama nini. Nikamweleza, akacheka kwa adabu, akasema huku bahari haishuki hata mita moja. Nami najua Pemba siku ya bamvua bahari hushuka karibu mita nne. Tena, yule kijana akaongeza, hata maji yangekauka, kwenye mwamba wa hoteli sheria hairuhusu kuvua kitu. Nikamfasiria mama.

"Basi huu mwamba wa kutazama," alisema.

Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimelinganisha kodi, mito, boti, dirisha linatazama mawio au machweo. La kupwa na kujaa halikunijia, wala yeye hakuliuliza. Mtu wa Kojani aulize vipi kama bahari hupwa? Ni kama kuuliza kama usiku huingia.

Akatoa simu, akawarekodia ujumbe wa sauti wadogo zake: "Bahari ya huku haipwi. Wallahi. Imejaa, imekaa." Halafu akavua viatu vya plastiki, akaviweka pembeni, akakaa vivyo hivyo hadi adhuhuri, akitazama.

Kijiti hakukichomoa. Kesho yake nikatoka alfajiri kukitafuta. Pale kila siku kabla ya mapambazuko wafagiaji hupitisha reki ufuo mzima, usibaki hata jani. Mistari ya reki ilikuja imenyooka kutoka gatini, ikafika kwenye kijiti cha mama, ikakizunguka, ikaendelea.