Tumemaliza UE na hatuna haraka ya kuondoka

Kama umemaliza UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, na begi lako lishafungwa, unasubiri tu kukuche ukapande basi la kwenda kwenu, nakuomba ukae kidogo. Nyumbani hakukimbii. Mimi pepa yangu ya mwisho nimefanyia Yombo, yale madarasa ya hapa UDSM Mlimani, na nilivyotoka pale nilikuwa na mpango huo huo wa kufungasha na kusepa, ila wenzangu wa ndani wakasema kodi imelipwa mpaka mwisho wa mwezi wa nane, sasa tunakimbilia wapi? Kweli bana, tunakimbilia wapi. Kwaiyo tumebaki, na hizi siku ambazo ukituuliza tunafanya nini tutakwambia tumekaa tu, mimi naziona ndo tamu kuliko zote nilizokaa chuo.

Tuko wanne, wasichana watupu, tumepanga Changanyikeni. Hosteli za chuo hazitoshi, hata zile za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zinachukua wanafunzi 3,840 na pale Mlimani kuna watu kibao zaidi ya hao, ndo maana wengi tunaishia mtaani, Changanyikeni, Makongo, Msewe, Sinza huko, mnachanga kodi mnagawana vyumba. Majina ya wenzangu nayaacha, nitawaita tunavyoitana humu ndani. Kuna Mnyaki, kwao Tukuyu, kasoma ualimu. Kuna Mtanga, kasoma kemia. Kuna Sheria, huyo jina linajieleza, na yeye bado hajamaliza maana sheria ni miaka minne, sisi watatu tunaondoka yeye anabaki. Mimi nimesoma jiografia.

Utasema watu waliokaa nyumba moja muda wote huo si wanajuana. Hatukuwa tunajuana! Nani alikuwa na muda? Sheria anatoka hata chai hajanywa awahi kiti kwenye ile maktaba mpya iliyofunguliwa 2018, anarudi saa nne usiku, Mtanga yuko maabara, Mnyaki akienda mazoezi ya kufundisha ndo humuoni tena mpaka chuo kifunguliwe, mimi na msuli wangu wa kusoma kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vya nje, mpaka mbu wanitoe. Tunakutana jikoni, mambo, poa, gesi nani kamaliza, luku imebaki yuniti ngapi, alafu kila mtu na sahani yake chumbani, mlango unafungwa. Tulikuwa tunapendana, mtu akiumwa usiku tunatoka wote kumpeleka hospitali, lakini kujua mwenzako analala anawaza nini, hapana, hatukuwahi kufika huko.

Sa hivi tunaamka tunavyojisikia. Kipupwe hiki hata Dar asubuhi unajifunika shuka mbili, kwaiyo hamna anayetoka kabla ya saa tatu. Anayetangulia ndo anaweka chai, mwingine anavuka barabara kwa mama wa vitumbua, na siku ya mgao wa maji wote tunajaza ndoo na madiaba kwanza maana yakikatika hayarudi mpaka keshokutwa. Baada ya hapo mkeka unatoka barazani na sisi tuko juu yake. Mpaka jua litufuate tuuhamishe.

Kilichotukalisha pamoja hasa ni nywele. Kipindi cha UE nani anakumbuka kichwa, wote tulikuwa tunafunga vilemba tu. Na Mnyaki anajua kusuka, mwaka wa kwanza amejinunulia sabuni na vocha kwa kusuka watu wa hosteli, basi akasema kabla hajaenda kwao anatusuka wote bure, kila siku kichwa kimoja. Rasta tukazifuata Mwenge. Ukisukwa na Mnyaki wewe unakaa chini kwenye mkeka, yeye kakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, kichwa chako kiko katikati ya magoti yake. Mtanga yuko pembeni anachambua rasta, anazivuta ncha zisilingane, anazilaza pajani mafungu mafungu. Mnyaki anachora njia kwa mkia wa kitana, anapaka mafuta, anashika unywele mdogo kabisa anaunganisha na rasta, vidole vinakwenda wakati yeye mwenyewe anaangalia bodaboda zinazopita barabarani. Akitaka uiname anakugusa tu kisogoni kwa kidole, hasemi. Kichwa kimoja kinaanza baada ya chai kinaisha magharibi, na mwisho kabisa ndo yanakuja maji ya moto kwenye beseni, taulo mgongoni usiungue, anachovya ncha zote kwa pamoja, mvuke unapanda mpaka usoni.

Alafu nimegundua kitu. Unayesukwa huwezi kumwangalia mtu machoni, uso wako uko chini, anayesuka naye anaangalia kichwa, wa rasta anaangalia rasta. Hapo ndo maneno yanatoka.

Siku ya kichwa changu Mtanga akasema tu, wala hakuna aliyemuuliza, mnajua mwaka wa pili nilikuwa naacha chuo? Mnyaki akasimamisha mkono. Kumbe baba yake alilazwa kipindi kirefu, na yeye ndo mkubwa kwao, basi bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka anagawa katikati, nusu linaenda Tanga. Barua ya kuahirisha mwaka alishaiandika, aliiweka ndani ya daftari la maabara akawa anatembea nayo, kila siku anasema kesho nitaipeleka, mpaka muhula ukaisha. Na mimi nakumbuka kabisa kipindi hicho alivyokuwa anatuambia usiku hapendi kula, tumbo linamjaa.

Sheria akamwambia, "Shoga, mbona hukusema?"

Mtanga akajibu, "Ningesema saa ngapi jamani? Wote mlikuwa na testi."

Hakusema kwa kulaumu, alisema hivyo hivyo huku anavuta rasta, na ni kweli, wote tulikuwa na testi. Ratiba ya chuo haina kipindi cha kuambiana mambo kama hayo. Mzee wake kwa sasa mzima, Mungu ashukuriwe, yuko ufukweni anashona nyavu zake. Ila mimi tangu siku ile nikisikia mtu anasema kukaa bure baada ya mitihani ni kupoteza muda nasikia vibaya, maana kama tungeondoka siku ile ile ya pepa ya mwisho ningemaliza chuo na yule dada tumelala ukuta mmoja na sijui kama alishinda njaa. Ningebaki na namba yake tu kwenye simu.

Msosi sasa. Bumu la mwisho lilishakwenda ila hatulali njaa, kwao Mnyaki walituma mchele wa Kyela kwa basi, na ule mchele ukiupika na nazi majirani wanajua. Mpishi ni Mtanga, hapo hatubishani naye. Anakuna mwenyewe kwenye kibao cha mbuzi, anachuja tui la kwanza anaweka pembeni, tui jepesi ndo linaanza na maharage, lile zito linaingia mwisho kabisa na ukishaliweka unakoroga taratibu bila kuacha lisije likakatika. Mnyaki mwanzoni alikuwa anasema nazi inaharibu maharage. Sasa hivi anakomba sufuria.

Jumapili tulienda Kigamboni. Hatukuwa na shida yoyote kule, Mnyaki tu alisema kakaa Dar miaka yote hii na hajawahi kupanda kivuko, basi tukachukua daladala Mwenge mpaka Posta, tukatembea mpaka Feri, nauli ya kivuko mia mbili. Najua siku hizi kuna daraja, lipo tangu 2016 na wenye magari wanapita huko, ila kivuko ni kitu kingine jamani. Mageti yanafunguliwa watu wanamwagika, baiskeli zina vikapu vya samaki, mkokoteni, mwenye kuku, wanafunzi wa sekondari, wote mnabanana humo. Mnyaki alishika chuma kwa mikono miwili, upepo wa kusi unampiga usoni, rasta mpya zinaruka, akawa anacheka mwenyewe. Mtanga, mtoto wa bahari, akasimama nyuma yake amemshika kiuno asiogope. Ng'ambo tukala mihogo na supu ya pweza tukageuza. Ufukweni hata hatukufika.

Jioni nyingine tunapanda tu chuo kutembea. Chuo kikiwa hakina watu ni kizuri mno, miti yote ile, kuteremka kutoka ukumbi wa Nkrumah hamna anayekimbia na madesa mkononi, vimbweta vitupu na tumbili wamekaa juu yake. Sheria alisema hajawahi kujua kama kule juu kuna upepo mzuri hivyo.

Msifikiri hatuna mawazo. Tunayo. Matokeo hayajatoka na kila mtu anachungulia ARIS, mfumo wa chuo wa matokeo, kimya kimya, Mnyaki ana somo moja analiogopa, anaomba tu lisije likawa sapu, akarudia mtihani. Ualimu wenyewe siku hizi mpaka ukafanye usaili, zamani ulikuwa unasubiri kupangiwa. Mimi natafuta sehemu ya kujitolea kwenye mambo ya ramani, barua nimeshapeleka kadhaa. Kwaiyo Sheria alituwekea utaratibu, neno ajira halitajwi humu ndani mpaka jua lizame. Na tumeufuata. Likishazama tunawasha taa ya baraza tunaongea hayo hayo ya ajira vizuri kabisa, mtu anamsomea mwenzake barua, anamrekebishia sivii, Sheria anatuambia sehemu gani tumejisifia kidogo mno. Tukichoka tunalala.

Mama yangu anapiga simu kila siku, mnakula nini huko, na wewe chuo si kimeisha? Nimemwambia mama naomba unipe mpaka mwisho wa mwezi. Akanyamaza kidogo akasema haya, mimi na marehemu shangazi yako mwenye nyumba ya jirani tulianza kujuana siku tumekaa tunapeta mchele. Nikajua kanielewa.

Vitu tumeshagawana bila ugomvi. Friji na mtungi wa gesi vinabaki kwa Sheria, na anatafuta wenzake watatu wa kuingia muhula ujao, mie nimemwambia asiangalie tu nani anaweza kulipa kodi, aangalie nani anaweza kukaa barazani. Pasi nachukua mimi. Kibao cha mbuzi Mtanga amempa Mnyaki, na Mnyaki kashauliza nazi Tukuyu zinauzwaje.

Wa kwanza kuondoka ni Mtanga, Jumamosi, basi la asubuhi. Ijumaa anatupikia bada na mchuzi wa papa, chakula cha kwao, unga wa muhogo kaufuata mwenyewe Kariakoo maana wa hapa mtaani anasema haufai, papa kaanza kumloweka. Sheria kashaahirisha safari yake ya kwenda kwa mjomba. Mimi kazi yangu niliyopewa ni kuwasha mkaa saa kumi kamili.