Mashudu Umeyaandika Wapi?

Mwaka wangu wa kwanza wa kukamua alizeti hapa Dodoma niliamini kwamba kilichonikwamisha ni mtaji, hadi mama mmoja mwenye mashine Kibaigwa, aliyeifanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko mimi, alipokubali kukaa nami na kulipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alipofika katikati aliweka kidole chini ya safu ya mauzo, akaniuliza, "Mwanangu, mashudu umeyaandika wapi?" Sikuwa nimeyaandika popote makapi hayo yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa, fedha za wafugaji walioyanunua kulisha mifugo zilikuwa zikiishia kwenye matumizi ya nyumbani, nami nikiamini kwamba biashara inanitia hasara.

Mikopo ni muhimu, na halmashauri hutenga kwa ajili hiyo asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. SIDO nayo, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo. Hata hivyo, swali lile nililipata kwa mtu aliyekwisha kukosea kabla yangu. Ndiye pia aliyenikutanisha na muuza madumu, pamoja na wakamuaji wawili wa Chamwino ambao sasa tunanunua nao alizeti kwa pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa bado chini.